Meli za Mkaa Ukutani

Mtu aliyezichora meli hizo hakuacha jina. Alikuwa Mreno, askari au baharia, naye aliishi katika karne ya 17 ndani ya ngome kubwa ya Mombasa, ile Fort Jesus ambayo wenyeji huiita Ngomeni basi. Hakuwa na rangi za dukani wala brashi. Alikuwa na mkaa, na alikuwa na ngeu, ile nyekundu ambayo maseremala wetu huitumia kupigia mstari mbao. Kwa vitu hivyo viwili akaujaza ukuta: meli za kwao zenye milingoti na matanga mengi, majahazi ya Waarabu yenye tanga la pembe tatu, watu, samaki, majengo. Mtazame mtoto yeyote wa Ifakara aliyeokota kipande cha mkaa na kusimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa jana, kabla mama yake hajatokea na fimbo, utaielewa kazi hiyo mara moja.

Nasema "mtu" ingawa mikono iliyochora ilikuwa mingi. Nimezoea kumfikiria mmoja. Riwaya ninayoiota ina nafasi ya mtu mmoja tu pale ukutani.

Sasa msomaji wa Ifakara ataniuliza: Mombasa na sisi wapi na wapi? Sisi watu wa mpunga, wa mtumbwi na wa perege, bahari tunaisikia redioni. Jibu langu la kwanza ni la maji. Mto Kilombero ukitoka kwetu hukutana na Luwegu, hapo ndipo unapozaliwa Rufiji, na Rufiji huenda kumwaga maji baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Maji tunayofulia nguo Kivukoni yatafika baharini kabla yetu. Jibu langu la pili ni la vijana. Tangu TAZARA ianze kupita Ifakara katika miaka ya 1970, kila nyumba ina mtu wake aliyepanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Wapo waliorudi na begi, wapo waliorudi na mikono mitupu, na wapo ambao mpaka leo wanaulizwa kwa majirani: hajambo huko aliko? Habari ya kuondoka na kurudi hatuhitaji kufundishwa na mtu wa pwani. Tunachohitaji ni kuona wenzetu waliiandika vipi, na nani aliachiwa ukuta wa kuiandika.

Basi tuingie Ngomeni.

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Kabla ya hapo walikwisha kuichoma Mombasa zaidi ya mara moja. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteketeza na kuipora. Ngome ilijengwa ili wasilazimike kuuteka mji kila mara. Ndani yake wakawekwa askari. Usidhani kwamba wote walikuwa mabwana wakubwa wenye kofia za manyoya. Safari ya kutoka Lisbon hadi Goa huko Bara Hindi ilichukua kama miezi sita mambo yakienda vizuri, na mara nyingi hayakwenda vizuri. Kiseyeye kiliwamaliza wengi, na dhoruba ikawachukua wengine. Miongoni mwa waliofika salama kwenye ngome za mashariki walikuwamo wahalifu, watu ambao adhabu yao ilikuwa ni kuhamishwa kwao. Wakishafika Mombasa, kalenda yao ikawa upepo. Kaskazi inaleta vyombo kutoka upande wa Bara Hindi, kusi inavirudisha. Ukikosa upepo wa mwaka huu, subiri wa mwakani. Ukifa kwa homa katikati, utazikwa hapohapo.

Ukiyajua hayo, zile meli za mkaa zinabadilika machoni. Mtu anayechora chombo kimoja baada ya kingine kwenye ukuta unaotazamana na bahari hapambi nyumba. Anahesabu. Anakumbuka kamba ipi imefungwa wapi, mlingoti upi ni mrefu, tanga lipi linakunjwa kwanza, maana ndicho kitu pekee kitakachomrudisha.

Miaka ya 1990 vijana wa Bongo walikuwa na neno lao, kuzamia. Kijana anaingia bandarini usiku, anajificha ndani ya meli, anaombea ifike Ulaya au Afrika Kusini kabla hajagunduliwa. Vijiwe vizima viliishi kwa hadithi za wazamiaji: nani kafika, nani karudishwa kwa pingu, nani katoswa baharini. Hao nao walizijua meli kwa majina na kwa bendera kama wengine wanavyojua timu za mpira. Meli ya mzamiaji na meli ya yule Mreno ni chombo kilekile, ila mmoja anaiona ikielekea kule anakokutamani asikokujua, na mwingine anaiona ikirudi kule anakokujua mno. Ninavyoona mimi, hamu ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa haiwezi kudanganyika.

Lakini ngome hiyo ina maandishi mengine, na haya hayakuandikwa kwa mkaa. Juu ya lango limewekwa jiwe lililochongwa. Linamsifu nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, akaijenga upya, akaiadhibu miji ya pwani iliyoasi na kuitoza kodi. Umri wake umetajwa kabisa, kama kijana anayetaka mtaa mzima ujue kapata cheo mapema. Hiyo ndiyo tofauti ya mkaa na patasi. Mwenye patasi anaandika aliloshinda. Mwenye mkaa anaandika alilolikosa.

Na kwa nini ngome ilihitaji kujengwa upya? Hapa ndipo anapoingia mtu wa tatu, ambaye hana mkaa wala jiwe.

Jina lake Yusuf bin Hassan. Babu yake, Ahmad, alikuwa Sultani wa Malindi, rafiki wa Wareno, nao Wareno ndio waliomleta kuketi kitini Mombasa baada ya kuuteka mji. Kwa hiyo hata kwao Yusuf hapakuwa kwao kwa asili. Ukoo wake uliingia mji huo kwa mgongo wa mizinga ya wageni. Tuliweke hilo akilini tusije tukaandika hadithi nyepesi. Baba yake, Hassan, aligombana na nahodha wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 kwa fitina ya Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mtoto wake, mwenye umri wa miaka kama saba, naye akapelekwa Goa.

Fikiri hapo kidogo, msomaji. Kichwa cha baba na mtoto mzima, vyote njia moja, bahari moja.

Huko Goa mapadri wa shirika la Mtakatifu Agustino wakamlea. Akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akasoma, akajua Kireno na sala za Kikristo. Alifanya kazi ya mizinga katika meli za Wareno. Mwaka 1626 wakamtangaza mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, wakamrudisha nyumbani. Kijana wa miaka kama ishirini hivi, aliyeondoka akiwa na meno ya utoto, anashuka bandarini akiwa amevaa nguo za wale waliomuua babaye.

Mtu kama huyo amerudi wapi? Wenyeji walimwona Mkristo, mtu wa wageni. Wareno walimwona mwenyeji, na nahodha wa ngome akamdharau, mfalme au si mfalme. Hakuna aliyemjua pale isipokuwa marehemu, na kweli alikwenda kwa marehemu. Yasemekana alikuwa akienda kaburini kwa baba yake na kumwombea dua kwa namna ya Kiislamu, mpaka wapelelezi wakamwona wakapeleka habari ngomeni. Nahodha akapanga kumkamata na kumrudisha Goa akahukumiwe.

Kwangu mimi hapo kaburini ndipo aliporudi nyumbani. Si bandarini, si siku ya kukalia kiti. Miaka kumi na mbili ya Goa, Kireno, meli, sala za asubuhi na jioni, na chini yake zile dua za utotoni zilikuwa zimekaa zikimngoja.

Ila kilichofuata si cha kupigiwa vigelegele tu. Agosti 1631 aliingia ngomeni pamoja na watu wake kana kwamba amekuja kumtembelea nahodha, Pedro Leitão de Gamboa, akamuua. Akatangaza kwamba ameuacha Ukristo na kurudi katika Uislamu. Wareno wa mjini wakakimbilia nyumba ya mapadri; siku chache baadaye wakauawa, wanaume, wanawake na watoto. Pamoja nao wakauawa Waafrika waliokuwa wamebatizwa na waliokataa kuiacha dini hiyo. Waliokufa walizidi mia. Wale Waafrika Wakristo, wengi wao watu wa chini waliokuwa wakiwatumikia Wareno, hawakuwa wamemuua baba ya mtu yeyote. Mwandishi kijana anayetaka kumfanya Yusuf shujaa wa riwaya yake ana haki hiyo, lakini asiwaondoe hao ukumbini ili hadithi ipendeze.

Mwaka uliofuata, 1632, kundi la meli za Wareno lilikuja kutoka Goa kuirudisha ngome. Yusuf alijifunza mizinga kwao wenyewe, wakashindwa, wakaondoka. Lakini alijua watarudi. Mwezi wa Mei aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapanda meli aliyoiteka, akaondoka Mombasa. Ndiyo sababu Cabreira alikuta kazi ya kujenga upya na kuichongea jiwe. Yusuf aliishia kuwa mtu wa baharini, akiviwinda vyombo vya Wareno huku na huko, hadi alipouawa upande wa Bahari ya Shamu mwaka 1638. Aliyengoja miaka kumi na mbili kurudi nyumbani alikaa huko miaka sita tu.

Na tazama tunavyomjua. Habari zake nyingi zimetoka katika ushahidi uliokusanywa na kanisa huko Goa, ili wale waliouawa wahesabiwe mashahidi wa dini. Yaani sauti yake tunaisikia kupitia vinywa vya watu waliofiwa kwa mkono wake. Ndani ya ngome aliyoiteka kuna meli za mkaa za askari asiye na jina na kuna jiwe la nahodha mwenye jina na umri, lakini hakuna mstari hata mmoja wa mwenye mji.

Ngome iliendelea kungoja meli. Machi 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro ukachukua miezi 33. Waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi hadi ikafika wakati, katika mwaka 1697, ambapo aliyeishikilia hakuwa Mreno tena bali Bwana Daud wa Faza, mwana wa Kisiwa cha Pate, pamoja na watu wake na Waafrika waliobaki humo. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ikaja, na ikazama hapohapo mbele ya ngome mwaka huohuo wa 1697. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280 mpaka wapiga mbizi wakaichunguza, kuanzia 1977 hadi 1980. Tarehe 13 Desemba 1698 ngome ikaanguka. Miaka mingi baadaye Waingereza waliigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikawa makumbusho chini ya James Kirkman, ambaye uchimbaji wake ndio ulioirudisha ile michoro machoni pa watu. Jela kwanza, picha za hamu ya nyumbani baadaye. Riwaya ikipangwa hivyo, mhariri atasema umezidisha.

Ni haki pia kusema kwamba wenyeji wa pwani nao walichora vyombo. Huko Kilwa na Songo Mnara, na Gedi upande wa Kenya, kuna meli zilizokwaruzwa kwa ncha kwenye lipu ya kuta za zamani. Peter Garlake na mkewe waliandika kuzihusu mwaka 1964. Kwa hiyo desturi ya kuweka chombo ukutani haikuletwa na Mreno. Waliobaki nyumbani pia walikuwa na wa kumngoja baharini.

Na sisi wa Kilombero? Kuta zetu za zamani zilikuwa za miti na udongo, na bonde letu hufurika. Masika ikija vizuri maji yanatandaa mpaka unashindwa kusema mto umeanzia wapi. Mchoro wa mkaa kwenye ukuta wa namna hiyo unaishi msimu mmoja, ukibahatika miwili. Wandamba walijua kuchonga mtumbwi kutoka kwenye gogo moja, lakini mtumbwi nao huoza. Wambunga waliingia bondeni katika karne ya 19 wakitoka kusini, katika misukosuko ya vita vya Wangoni, na safari hiyo nzima haina ukuta. Kurudi nyumbani kwetu pia kulikuwa ni kungoja chombo: mtu wa Mahenge au Lupiro aliyetoka Dar alishuka Ifakara, akafika Kivukoni, akakaa na mzigo wake akingojea pantoni imvushe. Januari 2016 kivuko kilipinduka pale usiku, ng'ambo ya kwao ikiwa pale mbele. Daraja lilizinduliwa 2018, na kijana wa leo anavuka akiwa amesinzia kwenye basi.

Tunalo jambo moja linalofanana kabisa na la Yusuf. Tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge katika Vita vya Maji Maji, wakakutana na bunduki za rasharasha. Aliyeandika kilichotokea siku hiyo alikuwa ndani ya boma. Aliyekimbilia risasi akiamini dawa hakuwa na karatasi. Mtu huyo naye aliporudi nyumbani, kama alirudi, alikuta njaa. Tofauti ni kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee, wakati ambapo waliokuwa watoto mwaka 1905 walikuwa bado hai. Yusuf hakuna aliyemuuliza kitu. Babu zetu baadhi yao waliulizwa, na majibu yao yamo kwenye makaratasi, mengine yakiwa hayajasomwa na mjukuu hata mmoja. Nimewahi kusikia watu kijiweni wakisema historia yetu imepotea. Hiyo ni uvivu, jamani. Iliyopotea ni sehemu. Nyingine imekaa kabatini inasubiri mtu wa kupanda treni kwenda kuifuata.

Nimebakiza mchoro mmoja wa Ngomeni, nao ndio unaonisumbua kuliko yote. Katikati ya zile meli za Ulaya na majahazi ya Arabuni, yule mgeni alichora pia mtepe. Mtepe ni chombo cha Waswahili wenyewe, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miraba minne. Bila shaka aliuona ukipita chini ya ukuta wake kila siku, ukienda Lamu au Pate, ukiwarudisha watu kwao, wakati yeye anahesabu miezi. Mitepe iliacha kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wa kwake bado upo ukutani.